Picha za Zena Achague Zena

Zena mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naiona hapa dirishani: umelikalia begi ili zipu ifunge, mama yako anaivuta kwa meno, na mnacheka mpaka kuku wamehamia kwa jirani. Kwa hiyo hujambo. Mimi nipo dukani, nimejifanya nasafisha printa, kumbe nakuandikia wewe. Karatasi ni zile za kuchapia picha, upande wa nyuma, ndiyo maana kalamu inateleza. Na mwandiko usiushangae. Shule niliacha darasa la nne, maneno mengine mwalimu alikuwa hajayafikia.

Mambo ya sweta, ya chakula, ya shikamoo kwa kila mkubwa, ya kuandika jina kwenye ndoo yako, mama yako ameshayasema, na kesho stendi atayarudia mbele ya abiria wote. Hapo sina la kuongeza. Langu ni hili furushi la picha uliloniachia juu ya kaunta asubuhi.

"Baba, nichagulie kumi," ulisema. "Wewe ndiye mzoefu."

Halafu ukakimbia kabla sijajibu, kama mtu aliyeacha mtoto kwa jirani.

Najua uzito wa hizo kumi. Huyo Mama Neema unayekwenda kwake, huko kwenye kambi ya hifadhini upande wa Iringa, kapiga picha za wanyama tangu wewe hujajua kutembea, na hakukuambia ulete cheti. Alikuambia kwenye simu, na mimi nilikuwa nimetega sikio kama kawaida yangu: "Kubonyeza kila mtu anajua. Mimi nataka nione unachagua kupiga nini." Akipenda anachokiona, unabaki kujifunza kazi. Asipopenda, unapanda basi la kurudi, unakaa hapa Nzuguni na mimi, tunapiga watu paspoti. Inua kidevu, funga mdomo, haya, anayefuata. Siyo kazi mbaya, imekulea. Lakini nimekuona mara ngapi mteja kainua kidevu mpaka shingo imemuuma, wewe macho yako kwenye ndege aliyetua juu ya waya wa umeme?

Basi nimeshinda na furushi lako tangu mchana. Napanga, napangua. Natoa hii, nairudisha. Mwisho nikajiuliza, hivi mimi najua nini kuhusu kuchagua? Maisha yangu yote wamechagua wateja.

Hujawahi kuliona pazia langu la kwanza. Enzi hizo nipo kijana Mpwapwa, nina kamera ya mkanda na baiskeli, nazunguka minadani. Ng'ombe wanauzwa huku, nyama inachomwa kule, na mimi katikati na pazia langu. Alinichorea fundi wa mabango: maporomoko ya maji, majani ya kijani mpaka macho yanauma, na ndege wawili weupe wenye shingo ndefu. Nilimuuliza ni ndege gani, akaniambia bata wa Ulaya. Hajawahi kuwaona, mimi sijawahi kuwaona, wateja hawajawahi kuwaona. Wao waliwaita korongo walionenepa.

Nililifunga nyuma ya baiskeli, nikalipeleka mnadani Gulwe wakati wa kiangazi. Unajua Gulwe kiangazi palivyo. Nikachomeka miti miwili, nikalitundika, nikaipa milima mgongo. Na watu wakapanga foleni! Mtu ambaye maji ya kunywa anayachimba kwenye mchanga wa mto, anasimama mbele ya maporomoko yangu anatabasamu kama mwenye nayo. Sikuwacheka, na usiwacheke. Anayetamani maji mwache apigwe na maji.

Akaja kijana wa rika langu, Ndahani, mfugaji, mgolole begani, nyuma anaburuta dume lenye pembe kama mikono ya mtu anayeshangilia.

"Mpiga picha, nipige na huyu."

"Ng'ombe haingii, bwana. Pazia ni la watu."

"Huyu ni mtu kuliko hao wote uliowapiga."

Foleni ikaangua kicheko. Mimi mtu wa dili, sikutaka kumpoteza. Nikamwambia, "Basi yeye akae pembeni, wewe uingie kwenye maji."

"Nikiingia kwenye maji bila yeye, nyumbani nani atanijua?"

Nikakubali waingie wote. Ndahani akavuta, dume likasogea, mimi nikaweka jicho kwenye kamera, na upepo wa kwetu ukaja. Pazia likavimba, likalizaba dume kofi la mgongo. Zena, lile dume liligeuka likaingiza pembe kwenye maporomoko, likaondoka nayo. Bata wa Ulaya mgongoni, linakatiza katikati ya wachoma nyama. Mimi nyuma, "Shikeni pazia! Shikeni pazia!" Ndahani nyuma yangu, "Shikeni ng'ombe!" Mnada wote umesimama, na hakuna aliyeshika hata kimoja kwa sababu ya kucheka.

Tuliporudi, Ndahani anahema, dume lina vumbi mpaka kope, pazia limebaki matambara. Akasimama palepale, akaweka fimbo begani, mguu mmoja ameukunja juu ya goti la mguu wa pili. Nyuma yake sasa milima iko wazi, reli inapita, vumbi limekuwa la njano.

"Piga sasa," akaniambia. "Si umeshamaliza mambo yako?"

Nikapiga ili nimalize mkanda. Na nilipokwenda kusafisha zile picha, ile niliiona imeharibika. Hakuna bata, hakuna maji, ni vumbi tu na milima. Nilimpelekea mnada uliofuata nikiwa tayari kwa matusi. Akaitazama sana. Akaniuliza, "Ulijuaje kwamba nikichunga nasimamia mguu huu?"

Sikujua. Sikuwa hata nimeuona mguu.

Sasa ungedhani hapo nilipata akili. Wapi! Nilirudi kwa fundi yuleyule nikamwambia achore lingine, safari hii lenye eropleni. Na liliuza kuliko la kwanza, nisikudanganye. Pazia la eropleni ndilo lililonipa mtaji wa kuja mjini kumuoa mama yako. Kwa hiyo sikuambii kwamba anayechagua cha kuuzwa ni mjinga. Nakuambia kwamba mimi ndivyo nilivyozoea, na mazoea hayo nilikuletea wewe.

Maana ulipoanza na ile kamera ya mtumba, nani alikupoteza? Mimi. Nilikuambia, "Piga simba, Zena. Simba anauzika. Tembo anauzika. Twiga, tutatoa kalenda." Tukadandia gari la rafiki yangu anayepeleka watalii hifadhini, tukakaa nyuma na madumu ya maji, na simba tukampata kweli. Amelala huko mbali, na kila gari limesimama linamtazama. Wewe ukapiga, ukapiga, mpaka betri ikaisha. Ninazo hapa mkononi hizo picha. Nyasi, nyasi, nyasi, na katikati kitu cha njano. Mama yako alipoziona aliuliza, "Hili gunia nani kalisahau porini?"

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ulisema kitu ambacho sijakisahau: "Baba, nilikuwa naogopa ataondoka kabla sijampiga. Hata sikumtazama."

Ule mguu wa Ndahani ukanijia.

Halafu zikaja siku za pimbi. Kile kilima cha mawe nyuma ya mtaa wetu, nimekipita miaka yote nikijua kuna pimbi na nikiwaona kama panya wakubwa tu. Wewe ndiye uliyegundua kwamba asubuhi wanatoka kuota jua, mwamba uleule, kila mmoja na nafasi yake, na mmoja anakaa juu kama mlinzi wa benki. Ukanialika. Nikavaa viatu vizuri, nikaja. Tukajibanza. Pimbi wakatoka, mama na watoto, wamejipanga kama familia iliyokuja kupiga picha ya Idi. Lakini hawatazami kamera! Mimi, mtu wa paspoti, nikaona hapa kazi inaharibika. Nikatoa funguo za duka mfukoni, nikazitikisa juu, kama ninavyowafanyia watoto wachanga. "Tazama huku! Huku! Cheka!"

Yule mlinzi akapiga ukelele mmoja. Mwamba ukabaki mtupu kama sinia baada ya pilau.

Hukunisemesha mpaka chai. Na ulipomsimulia mama yako, yeye ndiye aliyeniua kabisa. "Baba Zena," akasema, "ulitaka kuwapiga za kitambulisho?"

Safari ya pili uliniambia nije bila funguo na bila mdomo. Nikajilaza kwenye jiwe, jua likanipata vizuri, nikapitiwa na usingizi. Nilipofumbua macho, pimbi mmoja yuko karibu na soli ya kiatu changu, anatafuna jani bila wasiwasi, na wewe umetulia nyuma ya kamera, unahema polepole. Ukaninong'oneza, "Baba, ukiwa umelala unakuwa msaidizi mzuri sana." Sifa kama hiyo sijawahi kupewa na mtu, nimeitunza.

Pale kwenye jiwe ndipo nilipoanza kuelewa, tena kwa njia yangu ya biashara, kwa sababu nyingine sina. Kwenye studio, mteja niliyempenda ni yule anayerudi. Anayepita mara moja unampiga haraka, hujui sura yake ikitulia inakuwaje. Anayerudi, safari ya tatu unajua akitaka kucheka anaanza na jicho la kushoto. Pimbi ni mteja anayerudi. Ndege mwenye kiota naye ana anwani, unajua kumpata. Simba yule hakuwa na anwani, na sisi hatukuwa na muda wa kumsubiri, na ndiyo sababu akawa gunia. Siku utakayokaa na simba mpaka umjue anavyopiga miayo, nenda kampige, nami nitatundika hapa dukani. Sina ugomvi na simba.

Na kitu kingine, nacho nimekitoa kwenye harusi. Bi harusi ukimwambia atulie, anatulia kama amekunywa gundi. Lakini wale shangazi wanaopakua pilau, wamekunja kanga, jasho linatiririka, mmoja anamgombeza mwenzake kuhusu nyama, hao kila ukibonyeza ni picha. Mwenye kazi mkononi anasahau uso wake. Ndiyo maana sikushangaa ulipolala kifudifudi kando ya yule mdudu anayesukuma kinyesi cha ng'ombe, pale kwenye njia ya mifugo. Watu walipita wakaniuliza, "Mzee, mtoto ameanguka?" Nikawajibu, "Hapana, yuko kazini." Mdudu amesukuma donge lake mpaka kwenye mteremko, likamponyoka, akarudi chini kulifuata, wewe nyuma yake unajivuta kwa viwiko. Sijui kama picha ile ni nzuri. Inayo sehemu yenye ukungu. Lakini nikiitazama najua yule mdudu alikuwa na siku ngumu, na hilo ni zaidi ya nilivyowahi kujua kuhusu watu wengi waliosimama mbele ya eropleni yangu.

Unaona sasa ninavyohangaika. Nikitaka kukuchagulia, mkono wangu wa kuuza unakwenda kwenye twiga aliyesimama vizuri. Mkono wa baba unakwenda kwenye picha yoyote uliyopiga siku uliyokuwa na furaha, hata kama imetoka nyeusi tupu. Mkono wa kuchagua kweli sina.

Hapa nimekatizwa. Umeingia.

Umeshatoka sasa, na ninaandika haraka. Ulikuwepo na unajua tulichosema, lakini acha niyaweke, nataka kuyaona kwenye karatasi.

Uliniuliza, "Baba, umeshachagua?"

"Bado. Printa inasumbua."

"Printa haijawashwa, baba."

Nikaficha karatasi chini ya kiwiko. Nikakuambia, "Zena, mimi sichagui. Nimeshindwa. Ukienda na za kwangu, Mama Neema atakuwa anampima baba yako, na baba yako anajulikana: hutikisa funguo."

Nilidhani utalia. Wewe ukaingiza mkono kwenye mkoba ukatoa bahasha.

"Nilishachagua tangu juzi. Nilitaka tu nione kama zako zitafanana na zangu."

"Na mchana kutwa ukaniacha nateseka?"

"Mama alikuchungulia, akasema unaongea na picha peke yako, unacheka. Tukaona tukuache."

Ukazipanga juu ya kaunta, moja moja. Hakuna simba. Hakuna twiga. Hakuna hata pimbi, na hapo nilitaka kulalamika, maana mguu wangu ungetokea. Zote ni kweleakwelea. Wale ndege wadogo, wale wezi wa nafaka! Kumbe ile miezi tuliyokutuma Chemba kwa bibi yako umsaidie kuamia, kufukuza ndege shambani, ulikuwa na kamera begani. Na kumbe ulizichapa hapahapa, kwenye printa yangu, nilipokwenda sokoni. Wino wangu!

Nikaanza kutazama. Uwele bado wa kijani, ndege mmoja tu ameng'ang'ania suke, punje mdomoni, ametutazama kama sisi ndio tuliovamia. Halafu kundi linapinda angani kama moshi unaobadilisha mawazo. Halafu bibi yako juu ya ulingo wake wa miti, kombeo linazunguka kichwani, mdomo wazi, anawatukana kwa Kisandawe. Nimekaa na ukwe ule miaka mingi, lugha yao ile ya kugonga ulimi sijaiweza hata neno la salamu, lakini kwenye picha yako niliusikia ulimi ukigonga. Ya mwisho uwele umekatwa, ardhi ina mashina tu, nyayo za bibi, na nyayo ndogondogo za ndege pembeni yake, kama walikuja kuaga.

Nikajikaza nisionyeshe. Nikasema, "Lakini hawa si wa kalenda."

"Najua."

"Hawa ni wezi, Zena. Kila mkulima wa Dodoma atakuuliza kwa nini usiwapige mawe badala ya picha."

"Mawe nimewapiga pia, baba. Muulize bibi. Lakini hawa nawajua. Najua wanakunywa wapi. Najua wakitaka kugeuka wanaanza upande gani, bibi ndiye alinionyesha, alikuwa anainua kombeo kabla hawajageuka. Nilikaa nao mpaka mavuno."

"Na Mama Neema akisema hakutaka ndege wa shambani?"

Ulizikusanya, ukazigonga kingo zikalingana, ukazirudisha kwenye bahasha. Mimi nikajifanya natafuta kifuniko cha kalamu.

"Basi nitarudi," ulisema. "Lakini atakuwa amezikataa za kwangu."

Halafu ukaniuliza kama nimeona chaja yako, ukatoka.

Mwanangu, barua hii nilikuwa naiandika nikuonyeshe njia, na imefika umeshapita. Kuichana siwezi, nimetumia karatasi nzuri. Isome ndani ya basi ukichoka kutazama dirishani, ucheke, umpe jirani yako aone jinsi baba yako alivyokimbizana na ng'ombe.

Kama huyo mama atakubali, usinipigie simu siku hiyohiyo, furahi kwanza na walioko hapo. Kama atakataa, nipigie palepale, hata nikiwa na mteja, kidevu chake kitasubiri.

Mama yako anasema kesho ukishaondoka nifunge duka nimsaidie kulia. Nimemwambia nitalia kidogo hapo stendi, halafu nina kazi. Ile kamera yangu ya zamani bado inafanya, mkanda nimeupata kwa rafiki. Nitashuka korongoni kule nyuma ya stendi, bila mteja na bila mtu wa kumpangia foleni. Miaka yote nimeshika kamera, sijawahi kupiga kitu ambacho hakuna aliyenituma. Sijui nitapiga nini. Nitakaa kwanza, nione nani anakuja.

Ni mimi baba yako,
ambaye wino wake umeuiba, na ameridhika.